Gurudumu Lililonyamaza

Kila Jumapili, kabla jua halijavipanda vilima vya Madale, Hamida alikuwa na ibada yake. Aliigeuza baiskeli kichwa chini miguu juu pale uani, akamlaza mwanawe Shamimu pembeni juu ya mkeka, kisha akalizungusha gurudumu polepole kwa kidole kimoja. Ndani ya tairi mlikuwa na dawa, nyeupe kama tui zito, na gurudumu lilipozunguka dawa ilijiburuza humo ndani ikisema: chwa… chwa… chwa.

Shamimu alikuwa na miaka saba na hajawahi kutamka neno. Mtindio wa ubongo ulimkaza mikono na shingo tangu siku alipozaliwa. Lakini akiisikia sauti ile, macho yalimpanuka, kichwa kikamwinuka kwenye mto, na kicheko kikamtoka upande mmoja wa mdomo kama maji yanayotafuta njia.

"Imo?" Hamida humuuliza.

Mtoto hucheka.

"Haya, imo. Leo hatuongezi."

Tairi za baiskeli ile hazikuwa na tyubu. Twaha, mumewe, aliipata kwenye baiskeli za mtumba Mwenge, akaichomelea kiti cha chuma mbele, chenye mgongo mrefu na mikanda ya kumshika mtoto kifua na kiuno, ndipo akaondoka kwenda kwenye kazi ya ujenzi Mtwara. Aliyewauzia alimwambia Hamida neno moja la maana: "Sista, hii haiogopi mwiba, inaogopa ukame." Mwiba ukichoma, dawa hukimbilia tundu na kuganda hapo hapo, nawe ukaendelea na safari yako usijue kitu. Ila joto la Dar huinywa dawa hiyo kidogo kidogo, mpaka ikabaki nyuzinyuzi na madonge ya mpira. Kwa hiyo lazima uisikilize. Sauti ikiwa nyembamba, unafungua pini ya vali, unaongeza dawa kwa bomba la sindano, unajaza upepo, unalizungusha gurudumu huku na huku ili dawa ilambe kila mahali. Na baiskeli huiachi juani hata kama una haraka gani.

Hamida aliyashika hayo yote kama alivyoshika Alhamdu. Hakuwa na njia nyingine ya kumtembeza mwanawe. Bodaboda ilishawahi kumwangusha Shamimu, kwa sababu mtoto hajui kushika wala kushikwa. Bajaji ingefaa, lakini mvua za masika zililichukua kalavati, kijidaraja cha bondeni, na tangu hapo kinachovuka kwenda Tegeta ni mguu, pikipiki na baiskeli, kwa kuchumpa juu ya mawe.

Na Tegeta ndiko kuliko na shule. Kitengo kile cha watoto wenye mahitaji maalumu kilikuwa na nafasi moja iliyobaki, na watoto wawili walioililia. Mara ya kwanza Hamida alipompeleka, Mwalimu Editha alimwonyesha Shamimu mpira, akamwonyesha kijiko, akamwonyesha tena mpira. Mtoto alitazama dari.

"Mama Shamimu," mwalimu alisema, "mie sihitaji aongee. Nahitaji anijibu. Kwa jicho, kwa kidole, kwa chochote. Akiweza kuniambia hiki ndicho na hiki sicho, nitafanya naye kazi. Mlete tena Alhamisi, mapema, kabla hatujaingia kwenye kikao saa nne. Siku hiyo tunaamua. Na nataka nione atakuwa anakujaje, maana wazazi wengi hunileteaga mtoto wiki moja, halafu kimya."

Ikafika hiyo Alhamisi.

Bi Mwanabaraka, mama yake Twaha, aliamka kabla ya wote. Alikuwa mwanamke wa Pwani wa kale, wa kanga iliyopigwa pasi na udi kila Ijumaa. Kwake yeye siku kubwa haingii mtu na uchafu: mkesha wa Idi husuguliwa mpaka miguu ya vitanda. Hamida alipotoka uani akaikuta baiskeli inang'aa, spoki zinameremeta kama bangili.

"Unaionaje?" Bi Mwanabaraka aliuliza, mikono kiunoni.

"Inapendeza, mama. Ahsante."

"Ndani na nje," akajibu mama mkwe, akaachia tabasamu la mtu aliyetoa sadaka ya siri.

Hamida hakuuliza ndani ya nini. Uji ulikuwa unafurika jikoni, jirani alishafungulia muziki wa singeli, na kiatu kimoja cha mtoto hakionekani. Kwa mazoea tu aliliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa mkono bila kulitegea sikio. Shamimu, aliyekuwa mkekani, hakucheka. Aligeuza uso upande wa ukuta akaguna, kisha akaanza kulia, kilio cha chini kisichoisha.

"Woga huo," alisema Bi Mwanabaraka. "Anajua anakwenda kutazamwa na watu. Mpe pole mwenzio."

Hamida akampa pole, akamfunga mikanda, akaondoka.

Walishavuka maduka ya kona, wakaingia njia ya mkato yenye vichaka vya miiba. Hamida aliipenda njia ile kwa sababu haina magari. Mwiba ulipoingia kwenye tairi la nyuma alisikia tu "tk", kama mtu aliyevunja kijiti. Hakushtuka. Alishuka, akalisogeza gurudumu mpaka tundu likatazama chini, akasubiri dawa ifanye kazi yake. Upepo ukaendelea kutoka. Ssssss. Akalitikisa. Ssssss. Akaweka kidole, akaweka mate, akaweka udongo. Tairi likakaa chini taratibu kama ngamia anayepiga magoti, na baiskeli yote ikalala upande, Shamimu akining'inia kwenye mikanda yake.

"Ya Rabi, si leo," alisema Hamida. "Siku zote, lakini si leo."

Akaikokota kurudi kona, kwa Fransis, fundi pancha wa bodaboda, mwenye kompresa inayokohoa na mdomo usiopumzika.

"Karibu, mama Shamimu! Mbona asubuhi asubuhi? Si jana tu nimeifungua hii?"

Hamida akasimama palepale. "Umeifungua nini?"

"Tairi. Zote mbili. Alikuja bi mkubwa kaikokota baiskeli mwenyewe, akaniambia fungua, nataka kuosha. Nimefungua, nikakuta maji meupe yananuka. Nikamwambia bibi, humu mvua imeingia ikaoza, maana mie tairi tubeless za pikipiki ndo nazozijua, na hazinaga maji ndani. Akakaa hapo kwenye ndoo, kazisugua kwa sabuni na dodoki mpaka nikamuuliza, bibi, unasugua tairi au sufuria ya pilau? Akanitukana vizuri tu." Fransis alikuwa anacheka, kisha akauona uso wa Hamida na kicheko kikamwishia njiani. "Kwani vipi?"

"Ile ilikuwa dawa, Fransis."

Fransis akalibonyeza lile tairi lililolala, kisha akaangalia chini. "Mie sikujua, sista. Haki ya Mungu sikujua."

Hamida alitaka kumpigia mama mkwe simu. Alifika hata kuitoa. Lakini alijua kwamba akifungua mdomo wakati ule angetamka neno ambalo mkwe haambiwi, na neno la namna hiyo likishatoka halirudi nyumbani. Akairudisha simu. Dawa yake ya akiba aliimalizia wiki iliyopita, chupa ikabaki kavu. Hapo kona haiuzwi. Iko Mwenge, na Mwenge leo ilikuwa mbali kama Maka.

"Weka tyubu," alisema. "Tyubu yoyote."

Fransis alipata tyubu kuukuu ya baiskeli kubwa za kichina, akaitia, akajaza. Gurudumu likasimama imara. Hamida alipanda akakanyaga kwa nguvu zote, akishuka kuelekea bondeni, mtoto mbele yake akiyumba, na kwa muda mfupi aliamini kwamba Mungu amemwona.

Kabla hata hawajafika kwenye kalavati lililobomoka, tairi likashusha pumzi tena na kulala.

Safari hii hapakuwa na mwiba mpya. Hamida alipiga magoti mchangani, akavuta pembe ya tairi, akaingiza kidole ndani. Kikatoka na damu. Akaelewa. Miezi yote ile, kila mwiba uliochoma ulivunjikia humo humo. Dawa iliiziba na kuituliza, miiba ikakaa ndani ya tairi kama wageni wasiodhuru mtu. Sasa dawa haipo, ncha zote zimebaki uchi, zinaingoja tyubu. Hata angetia tyubu kumi, zingekufa kumi.

Alitazama upande wa pili wa bonde. Kule juu barabara ya Tegeta ilionekana, bajaji zinapita. Akamfungua mtoto mikanda, akamtia mgongoni, akafunga kanga mara mbili, akaanza kushuka kwenye mawe. Alifika jiwe la tatu, mwili wa Shamimu ukakaza. Miguu ikanyooka kama mbao, kichwa kikatupwa nyuma, uzito wote ukamvuta Hamida chali. Alishika mzizi. Kiatu chake kimoja kikaenda na maji. Alibaki pale ameng'ang'ania mzizi, mtoto akipiga kelele mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu madaktari walipompa jina la ugonjwa ule, Hamida alilia kwa sauti bila kujali nani anasikia.

"Nimeshindwa, mama," alimwambia Shamimu. "Nisamehe. Nimeshindwa kukufikisha."

Maji yalipita. Akapanda juu kwa magoti, akamrudisha mtoto kwenye kiti, na huku anahema akaitoa ile simu. Hasira ilishakwisha; kilichobaki kilikuwa kitupu, na mtu mtupu hana neno la kumvunjia mkwe heshima.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Mshafika? Wameionaje baiskeli?"

"Mama, yale meupe uliyoyatoa kwenye tairi. Uliyamwaga wapi?"

"Nimwage?" Bi Mwanabaraka alichukia kweli. "Mie, Mwanabaraka, nimwage kitu? We mkaza mwanangu hunijui bado. Niliona yananata, nikasema hii gundi. Nimeyachuja kwa kifumbu kile cha zamani cha tui, nimeyatia kwenye chupa. Nimezibia ndoo yangu ya kuogea, na haivuji hata tone. Yaliyobaki yapo uvunguni."

Hamida alishika usukani wa baiskeli kwa mikono yote miwili, simu ikiwa imebanwa begani.

"We! Umekufa?"

"Mama, yale ndiyo yaliyokuwa yanatuvusha. Bila yale hatufiki. Nakuomba uyalete kwa Fransis. Sasa hivi, mama, nakuomba."

Upande wa pili kikasikika kitu kikianguka, na sauti ya mlango.

Hamida aliikokota baiskeli kupanda kilima, mguu mmoja peku. Alipofika kona, Bi Mwanabaraka alikuwa anatokea upande wa pili, baibui amelipandisha mpaka magotini, chupa ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Watu walisimama kumwangalia. Mwanamke yule hata adhana haimfanyi akimbie.

"Fungua!" alimwambia Fransis kabla hajafika. "Fungua wewe, usinitolee macho! Jana ulijua kufungua!"

"Shikamoo, bibi…"

"Marahaba yako baadaye!"

Fransis akaitoa ile tyubu, akairudisha vali ya zamani na tairi. Hamida akafungua pini ya vali, akaivuta dawa kwa bomba la sindano, akaisukuma ndani. Ilikuwa kidogo. Aliyatikisa yaliyobaki chupani, akayavuta mpaka tone la mwisho. Yalitosha gurudumu moja tu, la nyuma, linalobeba uzito. Kompresa ikakohoa, tairi likavimba na kugonga ringi, pa, pa, likajikamata. Kisha ule mlio ukaanza tena. Ssssss.

Wote watatu wakalitazama. Hamida akalizungusha, akalilaza upande huu, akalilaza upande ule. Povu jeupe likachomoza kwenye tundu, likatetemeka. Ssss. Ss.

Kimya.

Bi Mwanabaraka alikaa juu ya ndoo ileile ya jana. Pumzi zilikuwa hazimtoshi. "Hamida," alisema, na alikuwa hamwiti kwa jina ila nadra, "mie nilitaka aende safi."

"Najua, mama."

"Kuna viatu vyangu hivi. Vaa. Nenda, usinitazame."

Gurudumu la mbele lilikwenda kwa dua tu. Hamida alikwepa kila kichaka, akaivusha baiskeli bondeni jiwe kwa jiwe, tumbo lake likiwa limeegemea mgongo wa kiti ili mtoto asiteleze, viatu vya mkwe vikimpwaya. Jua lilishakuwa kali alipoingia uwanja wa shule, na alijua kabla hajaambiwa. Watoto walikuwa wametoka mapumziko ya uji. Saa nne ilishapita zamani.

Mwalimu Editha alikuwa ametoka nje ya chumba cha kikao kupata maji, glasi mkononi.

"Mama Shamimu! Nimekungoja mpaka nimechoka. Wenzangu wapo humo ndani, ndo tunamalizia."

"Mwalimu, pancha. Mwalimu, nakuomba umtazame tu."

Mwalimu alimtazama yeye kwanza: tope mpaka kiunoni, kidole kimefungwa kitambaa cha damu, viatu vya mtu mwingine. Akaweka glasi chini. Akaingia darasani akatoka na mpira na kijiko. "Haraka basi. Shamimu, mama, mpira uko wapi?"

Shamimu alikuwa amechoka. Kichwa kilining'inia. Hakutazama mpira, hakutazama kijiko. Mwalimu alijaribu tena, na tena, kwa upole uliozidi kumuumiza Hamida.

"Mama Shamimu, sitaki nikudanganye…"

"Ngoja!" Hamida alisema, na sauti yake mwenyewe ilimtisha. Alimshusha mtoto akamweka kibarazani. Akaigeuza baiskeli kichwa chini. "Mwalimu, muulize kwa hii. Sie nyumbani tunaongeaga kwa hii."

Akalizungusha gurudumu la nyuma kwa kidole. Chwa… chwa… chwa. Kichwa cha Shamimu kikainuka. Macho yakapanuka. Kicheko kikatoka upande wa mdomo.

Mwalimu Editha akatabasamu kwa huzuni. "Anafurahi, nimeona. Lakini kila mtoto hufurahia gurudumu likizunguka, mama. Hilo si jibu."

Hamida hakuwa na kitu kingine. Mkono wake, kwa kukosa pa kwenda, ukaligusa gurudumu la mbele, likazunguka. Lilizunguka vizuri, likimeremeta kuliko lile la nyuma, bila sauti hata kidogo.

Shamimu aliacha kucheka. Aligeuza uso upande wa ukuta, akaguna, akaanza kulia kile kilio cha chini.

Hamida akaganda. Ukuta. Kuguna. Kilio kisichoisha.

"Aliniambia," alisema. "Ya Allah. Asubuhi aliniambia. Mwalimu, humu hamna dawa, na alijua, na akaniambia, na mie nikamwambia ni woga!"

"Hamna nini? Polepole, mama."

Hamida alieleza huku maneno yakikanyagana: dawa, swali la "Imo?" la kila Jumapili, mama mkwe, sabuni, chupa moja iliyotosha gurudumu moja. Mwalimu Editha alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza uso wake ulibadilika. Alivua mtandio wake wa mabegani, akampa Hamida ashike ncha moja na yeye ya pili, wakautandaza kama pazia kati ya mtoto na baiskeli. Kisha akanyoosha mkono wake nyuma ya pazia.

Akalizungusha la mbele. Shamimu, asiyeona kitu, akageuza uso ukutani.

Akalizungusha la nyuma. Chwa… chwa… Shamimu akacheka.

La nyuma tena. Akacheka tena. La mbele. Ukuta.

Mwalimu aliuachia mtandio ukaanguka. Akachuchumaa mbele ya mtoto, macho yao yakawa sawa, mkono wake mmoja bado uko kwenye gurudumu la nyuma.

"Imo?" aliuliza, kama alivyoambiwa.

Shamimu alimcheka usoni.

Mlango wa chumba cha kikao ukafunguliwa, mwanamume mmoja akatoa kichwa. "Mwalimu Editha, tunakungoja wewe tu. Tufunge jambo letu tuondoke."

"Nisubirini," alisema Mwalimu Editha bila kugeuka. "Nina mwanafunzi hapa, anazungumza."